Jinsi ya kumbana kiongozi aliyeahidi kupambana na umaskini mpaka ahadi iingie kwenye bajeti

Kila uchaguzi ukifika tunaahidiwa yale yale, maji, zahanati yenye dawa, mikopo ya kinamama na vijana, kaya maskini hazitasahaulika, tunapiga makofi tunarudi nyumbani, halafu miezi sita mbele hakuna anayekumbuka mheshimiwa alisema nini hasa na kwa maneno gani. Hapo ndo tunapoachwa. Sio kwamba hakuna kinachofanyika, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007 na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ukaukuta asilimia 26.4, umeshuka kweli. Ila angalia kipimo chenyewe, mstari wa umaskini ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukigawa kwa siku haifiki 1,700, na vijijini waliokuwa chini ya hapo ni asilimia 31.3 wakati mijini ni 15.8. Na nchi yetu ilikuwemo mwaka 2015 mataifa yalipokubaliana kwamba ikifika 2030 umaskini uliokithiri uwe umekwisha. Muda umebaki kidogo sana.

Naandika kwa ajili ya mtu wa kawaida wa kijijini au mtaani, Tanzania Bara (Zanzibar wana masheha na utaratibu wao), ambaye sio mwanasheria wala mwanaharakati, ana simu, ana majirani na amechoka kusubiri. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni moja, ahadi ya kiongozi inaanza kuwa na maana siku inapoandikwa kwenye mpango na kutengewa hela, kabla ya hapo ni maneno tu hata kama aliyasema kwa machozi. Kwaiyo kazi yako yote ni kuisukuma ahadi itoke jukwaani ikakae kwenye bajeti, halafu itoke kwenye bajeti ije hapo kijijini.

1. Iandike ahadi kama ilivyotamkwa

Chukua daftari, sio kichwa. Andika nani kaahidi, wapi, tarehe gani, kaahidi kitu gani, kwa ajili ya nani na kitakuwa tayari lini. Kama kuna video kwenye grupu la WhatsApp idownload uitunze, usitegemee itakuwepo kesho. Tafuta na ilani ya chama chake, ziko mtandaoni na ofisi za chama wanazo, kwa sababu mgombea anaweza kuruka maneno yake ya jukwaani lakini kitabu cha chama chake hawezi kukiruka kirahisi. Na kwa mbunge aliyeko bungeni, aliyoyasema na majibu aliyopewa na mawaziri yako kwenye Hansard, yani kumbukumbu rasmi za Bunge, tovuti ya Bunge inaziweka, unafungua unatafuta jina la jimbo lako.

Ukiandika utagundua ahadi nyingi hazina mwili. "Tutawaangalia vijana" haina mahali pa kushika. Hiyo usiitupe, rudi kwa mwenyewe umuulize mbele ya watu, mheshimiwa ulisema utatuangalia vijana wa kata hii, tunaomba utuambie ni mikopo, ni eneo la kufanyia biashara au ni nini, na ni mwaka gani wa fedha. Akijibu, unaandika jibu.

2. Jua hela ya ahadi yako inakaa ofisi gani

Hapa ndo watu wengi wanapoteza muda, tunamlilia diwani kwa jambo ambalo hela yake diwani haioni kabisa, na yeye kwa kuogopa kuonekana mdogo anaitikia tu ndio ndio. Kwa kifupi iko hivi:

- Maji vijijini ni RUWASA, ilianza kazi 2019, na mradi ukishajengwa unasimamiwa na chombo cha watumia maji cha pale pale kwenu.
- Barabara za vijijini na mitaani ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS.
- Umeme vijijini ni REA na TANESCO.
- Zahanati, shule za msingi na sekondari, masoko na minada ni halmashauri, na juu yake iko TAMISEMI.
- Ruzuku ya kaya maskini ni TASAF, lakini kule wilayani kuna mratibu anayekaa ofisi za halmashauri.
- Mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii.
- Mbolea ya ruzuku ni Wizara ya Kilimo kupitia TFRA, mamlaka ya kusimamia mbolea, na mlango wake kwa mkulima ni kujiandikisha kwenye daftari pale ofisi ya kijiji.

Diwani na mbunge hawashiki hela hizo mkononi, ila wote wawili wanakaa kwenye baraza la madiwani linalopitisha bajeti ya halmashauri, na mbunge ana nafasi ya kumuuliza waziri. Kwaiyo usimuulize "utatujengea lini", muulize "umelipeleka kwenye kikao gani na walikujibu nini". Swali la pili hawezi kulijibu kwa hotuba.

Mbunge anayo pia hela moja iliyo karibu naye zaidi, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, upo kwa sheria ya 2009 na kamati yake mwenyekiti ni yeye mwenyewe. Sio hela nyingi, ni ya kumalizia maboma (majengo yaliyoachwa njiani), mabati, saruji, vitu hivyo. Muombe orodha ya miradi iliyopata mwaka huu kata kwa kata, ukiona kata yako haimo miaka yote umepata swali zuri.

3. Igeuze ahadi iwe namba

Kiongozi anaogopa mtu mwenye namba kuliko mtu mwenye sauti kubwa, na namba nyingi unazipata bila kuwa msomi.

Chukua elimu bila ada. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwa utaratibu uliokuwa ukitumika 4,000 inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inatumwa shuleni. Shule yenu ina watoto 600, zidisha, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yani kama 300,000 kwa mwezi. Sasa nenda kwenye mkutano wa wazazi muulize mwalimu mkuu kwa heshima, mwalimu mwezi huu imeingia shilingi ngapi? Mara nyingi mwalimu atafurahi umeuliza kwa sababu yeye ndo anaebeba lawama za michango wakati hela ikija pungufu. Ukishajua pengo ni kiasi gani, hilo ndo la kumpelekea diwani, sio malalamiko ya jumla kwamba shule yetu imesahaulika.

Au chukua ile mikopo ya asilimia 10, hii nataka niizungumze kirefu maana ni ahadi ya kupambana na umaskini iliyo kwenye sheria kabisa, sio hisani ya mtu. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inahesabiwa kwenye mapato yasiyolindwa, maana kuna mapato kama ya vituo vya afya yana matumizi yake tayari. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilionyesha miaka kadhaa mfululizo kwamba hela nyingi hazirejeshwi na kuna vikundi havionekani vilipo, 2023 serikali ikaisimamisha ikapanga utaratibu upya, 2024 ikairudisha. Sasa tuseme, huu ni mfano tu, halmashauri yenu imekusanya bilioni 3 za mapato yasiyolindwa. Hapo milioni 300 ni za mikopo, milioni 120 wanawake, milioni 120 vijana, milioni 60 watu wenye ulemavu. Maswali yako ni manne. Imetengwa shilingi ngapi? Imetolewa ngapi kweli? Vikundi gani vimepata na viko kata gani? Na marejesho ya zamani yamerudi kiasi gani, maana yale nayo yanatakiwa yakopeshwe tena. Hilo la marejesho watu hawaliulizi kabisa, wakati kuna halmashauri hela iliyoko mikononi mwa watu waliokopa zamani inaweza kuzidi inayotengwa mwaka huu.

Na kama kikundi chenu kilinyimwa, omba sababu kwa maandishi. "Hamjakidhi vigezo" haitoshi, kigezo kipi?

4. Piga hodi kwa msimu wake

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unaisha Juni 30. Watu wengi wanapaza sauti mwezi wa 6 wakati waziri wa fedha anasoma bajeti bungeni, wakati huo chakula kimeshapakuliwa. Ya kwenu yanaanzia chini kabisa, kuanzia kama mwezi wa 10 mpaka wa 12 vijiji na mitaa vinaibua miradi na vipaumbele, vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu Januari mpaka mwanzoni mwa Machi hivi halmashauri zinapanga na baraza linapitisha, kisha mkoani na TAMISEMI, Aprili mpaka Juni ndo Bunge. Kama zahanati yenu haikutajwa kwenye vipaumbele vya kijiji mwezi wa 11, usishangae kutoiona mwezi wa 7.

Aprili weka alama kwenye kalenda pia. Ripoti ya CAG anakabidhiwa Rais mwisho wa Machi halafu inawekwa mezani bungeni, ikishatoka inapakuliwa bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ni ndefu, usiisome yote, fungua ile ya serikali za mitaa kisha andika jina la halmashauri yako kwenye sehemu ya kutafuta, utaona kila mahali ilipotajwa. Skrinshoti moja ya ukurasa huo ina nguvu kuliko siku nzima ya kubishana kijiweni.

5. Mkutano mkuu wa kijiji usiukose

Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Hapo ndo mapato na matumizi yanasomwa na ndo vipaumbele vinapitishwa, na kusema ukweli tukiuachia wazee saba na wajumbe wa serikali ya kijiji peke yao tusilalamike sana kwa kilichoamuliwa. Kama haujaitishwa muda mrefu, andika barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata, sainini watu wengi.

Usiende peke yako. Kaeni kwanza watu kumi au ishirini, chagueni swali moja, sio kumi, na mchague nani atalisema. Mama anayechota maji kilometa nne akisema yeye lina uzito kuliko kijana msomi akimsemea. Watu wenye ulemavu na kinamama wauza mbogamboga wanaomba mkutano uwe jioni au siku isiyo ya gulio, hilo nalo liombeni mapema.

Kuuliza kwenyewe kuwe kwa adabu na kwa kubana. Kwa mfano:

"Mheshimiwa mwenyekiti shikamoo, na wazee wangu wote shikamooni. Kwenye mkutano wa mwezi wa tisa tulipitisha hapa kwamba boma la zahanati liwe kipaumbele cha kwanza, na muhtasari upo. Naomba mtendaji atuambie muhtasari ule ulifika kata tarehe ngapi, na kamati ya kata ilisemaje. Na naomba jibu liingie kwenye muhtasari wa leo."

Sentensi ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Kitu kisichoingia kwenye muhtasari hakijasemwa, miezi mitatu baadae utaambiwa hatukumbuki. Kabla mkutano haujafungwa omba katibu, ambae ni mtendaji wa kijiji, asome maazimio kwa sauti. Akisoma tofauti mnarekebisha pale pale.

Baraza la madiwani nalo vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa mwananchi kukaa na kusikiliza, huchangii ila unasikia. Nendeni hata wawili tu. Diwani akiona watu wa kata yake wamekaa pale nyuma na daftari, anasimama.

6. Kwa kaya maskini, fuatilia jina na sio uvumi

TASAF ipo tangu 2000 na mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, awamu yake ya pili ikazinduliwa 2020. Kuna ruzuku, kuna ajira za muda kwenye miradi ya jamii, na kuna vikundi vya kuweka akiba. Malalamiko yako ya namna tatu tu mara nyingi, mtu anayestahili hayumo, asiyestahili yumo, au mlengwa yumo lakini hela haimfikii au inafika pungufu. Haya ni matatizo tofauti na yanapelekwa tofauti, usiyachanganye kwenye barua moja.

La kwanza na la pili yanazungumzwa kwenye mkutano wa kijiji kwa sababu walengwa walitambuliwa hapo na orodha inatakiwa ithibitishwe na jamii hapo hapo. La tatu mpeleke mlengwa mwenyewe, na kitambulisho chake na ujumbe wa simu kama analipwa kwa simu, kwa kamati ya jamii ya mpango, ikishindikana kwa mratibu wa wilaya. Bibi wa miaka 78 hawezi kupanda bodaboda kwenda wilayani kufuatilia hela ndogo, nauli inaimeza yote, hapo ndo ujirani wako unahitajika, mwandikie barua, msindikize au mpigie mratibu mkiwa naye pembeni. Kama kuna mtu anamkata "hela ya chai" hiyo ni rushwa na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Na tafadhali usiweke picha wala jina la mlengwa mtandaoni kumtetea, ukishamtangaza kijiji kizima kuwa ni maskini umeshamuumiza.

7. Omba taarifa kwa barua

Ibara ya 18 ya Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza, na ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, ukurasa mmoja usiishe:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Yah: Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Naomba kupatiwa: (1) kiasi kilichotengwa kwa ukamilishaji wa zahanati ya kijiji chetu katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, (2) kiasi kilichopokelewa mpaka sasa na tarehe ya kupokelewa, (3) jina la mkandarasi au fundi na muda wa mkataba."

Weka jina, anuani, namba ya simu na sahihi. Nenda na nakala mbili, moja wagongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Bila muhuri ule siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini? Wakikaa kimya unaandika ya kukumbushia ukiambatisha nakala yenye muhuri, na ukinyimwa una haki ya kuomba maamuzi yapitiwe upya. Kama barua inakutisha tumia mfumo wa e-Mrejesho kwenye simu, unachagua taasisi unaandika hoja yako na unapata namba ya kufuatilia.

8. Mtandaoni, weka ushahidi uache matusi

Picha ya ubao wa matangazo usio na mapato na matumizi, yenye tarehe, inatosha. Picha ya boma lililoota majani pamoja na ile video ya ahadi, inatosha kabisa. Usiongeze "mwizi huyu" kama huna ushahidi wa wizi, kwanza sio haki kwa mtu ambaye pengine hela kweli haikumfikia, pili sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inakubana ukisambaza uongo na kesi yako itameza ajenda nzima ya zahanati. Na kiongozi akitekeleza, posti hivyo hivyo kwa ukubwa ule ule, taja na tarehe. Wengine wakiona anayetekeleza anasifiwa kwa jina nao watahangaika.

9. Ukiambiwa "fedha hazijaja"

Hili jibu utalipata, jiandae nalo. Wakati mwingine ni kweli, hela inayopangwa na inayotoka Hazina havilingani. Lakini usiondoke na sentensi hiyo. Uliza kwanza, zilitengwa kwenye bajeti ya mwaka huu au hazikutengwa? Kama hazikutengwa basi hakuna kinachosubiriwa, mnarudi namba 4 mnaanza na msimu unaofuata. Kama zilitengwa, uliza chanzo ni mapato ya ndani au serikali kuu. Ya mapato ya ndani mnabanana na mkurugenzi na baraza kwa sababu makusanyo wanayo wenyewe, mtaomba taarifa ya robo mwaka mtaona yaliyokusanywa yameenda wapi. Ya serikali kuu, hapo ndo kazi ya mbunge, mpelekeeni barua yenye muhuri, namba na jina la mradi mkimuomba alipeleke kama swali bungeni. Swali likiulizwa jibu la serikali linaingia kwenye Hansard, waziri akisema zitatoka robo ya tatu, mnaandika kwenye lile daftari, robo ya tatu ni Januari mpaka Machi, na wiki ya kwanza ya Aprili watu wawili wanakuwa ofisini kwa mkurugenzi wakiuliza zimeingia kiasi gani.